Ukivua Magwanda, Shika Bajeti



Mdogo wangu wa mwisho alipotangaza anaingia jeshini, mama alilia kama kuna msiba. "Tumewaleta Marekani msome, si mkapigane!" Juzi dogo kamaliza mkataba wake, na sasa anataka kusomea uchumi. Mama kachoka kabisa: "Askari na uchumi wapi na wapi?"

Basi nikamsimulia habari za gavana wetu wa Maryland, Wes Moore. Kazaliwa hapa hapa Takoma Park mwaka 1978. Mama yake alizaliwa Jamaika, yaani na yeye ni mtoto wa mhamiaji kama sisi. Alikuwa askari wa miavuli, akapigana Afghanistan mwaka 2005 hadi 2006. Baadaye akafanya kazi benki, kisha akaongoza Robin Hood, shirika la New York linalopambana na umaskini. Januari 2023 akaapishwa kuwa gavana, na kauli yake ni ile ya jeshini: haachwi mtu nyuma.

Sawa, maneno matamu kila mwanasiasa anayo. Sisi tuangalie hela.

Mwaka huo huo wa 2023 alisaini sheria ya kuharakisha kima cha chini cha mshahara. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kikawa dola 15 kwa saa. Shangazi yangu anatunza wazee kule Laurel, na alikuwa analipwa 13.25. Nyongeza ya dola 1.75 unaweza kuiona ndogo, ila kwa saa 40 ni dola 70 kila wiki, kabla ya makato. "Mwanangu," aliniambia, "sasa bili ya umeme hainikoseshi usingizi."

Lakini tusimpambe sana. Mwaka 2025 bajeti ya jimbo ilikuwa na pengo la karibu dola bilioni 3, na akasaini kodi mpya ya asilimia 3 kwenye huduma za teknolojia na data. Wengi wetu tunakula huko huko. Tulinung'unika, na mimi nilikuwemo! Ndipo nikaelewa kwamba kutomwacha mtu nyuma kuna gharama, na safari nyingine anayelipa ni wewe. Anayepanga bajeti lazima aweze kukutazama usoni akakwambia hivyo.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akacheka. Kumbe yeye mwenyewe alipitia JKT baada ya kidato cha sita. Asubuhi gwaride, mchana jembe. "Tulilima mahindi na magwanda yetu," alisema. "Hakuna aliyeona ajabu."

"Sasa mama, huyu naye si anataka kulima tu? Shamba lake ni bajeti."

Hakujibu. Ila jana kampigia dogo simu, kumuuliza ada ya chuo ni kiasi gani.

Je, nyumbani kwenu walisemaje? Tuandikieni.