Ndege ya kwanza? Nunua ile isiyo na mbwembwe

Jamani, lile wazo kwamba ndege ni mali ya serikali, mashirika na wazungu wa mbugani limeanza kufa, na mimi nasema life kabisa. Cessna ya viti viwili iliyotumika inaweza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko haya mashangingi tunayoyaona kila siku kwenye foleni, yakiwa na mtu mmoja ndani. Ndiyo maana siku hizi unamsikia kijana anayesomea urubani akisema bila aibu kwamba anatafuta ndege yake mwenyewe.

Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni namna tunavyochagua. Wengi tunaangalia ndege kama tunavyoangalia simu: rangi, skrini, spidi. Kwa mtazamo wangu, ndege ya kwanza ya mwanafunzi inatakiwa iwe ya kawaida, ya polepole, inayojulikana na kila fundi. Na isiwe ya mtu mmoja.

Tuanze na pesa kabla hazijatoka mfukoni. Usinunue chochote kabla ya kupata cheti cha afya cha urubani. Kama lengo ni kuajiriwa, pima daraja la kwanza mapema, si lile la rubani binafsi tu. Kuna watu wazima kabisa wanaogundua kwa daktari kwamba hawatofautishi rangi vizuri. Ni heri ulijue hilo ukiwa na akiba benki kuliko ukiwa na ndege uwanjani. Pili, subiri mpaka uruke peke yako mara ya kwanza. Kabla ya hapo hujui kama unaipenda kazi hii au unapenda picha zake.

Halafu hesabu ya saa. Leseni ya rubani binafsi kwa kawaida inadai saa 40 za kuruka, na leseni ya biashara inadai 200, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Kwa zile 40 za mwanzo, kodi tu ya shule. Ndege yao, bima yao, gurudumu likipasuka ni tatizo lao. Kumbuka pia kwamba hata ukiwa na ndege yako, mwanafunzi haruki peke yake bila idhini ya mkufunzi, na si kila shule itakubali kukufundishia kwenye ndege yako. Umuhimu wa kumiliki unaanza kwenye lile pengo kati ya 40 na 200. Hapo ndipo vijana wengi hukwama miaka, wakisubiri pesa za saa moja moja.

Sasa ndege gani? Jibu langu halina utamu: Cessna 150 au 152, na kama mfuko unaruhusu, Cessna 172 au Piper PA-28. Cessna 172 imetengenezwa tangu miaka ya 1950, na zaidi ya 40,000 zimeshatoka kiwandani. Maana yake vipuri vipo, mafundi wanaijua, na siku ya kuuza utapata mnunuzi. Zile za magurudumu ya kukunja na propela ya kubadili pembe ni nzuri sana, lakini kila kinachokunjika kitahitaji fundi, na kampuni ya bima itakuuliza una saa ngapi. Waachie wenye saa.

Uzee usikutishe. Cessna 152 za mwisho zilitengenezwa mwaka 1985, kwa hiyo hakuna kijana kati yao. Kitu cha kuogopa ni ndege iliyokaa bila kuruka. Kwenye injini nyingi za Lycoming kamshafti iko juu, na injini ikilala miezi, oili yote inateremka chini na vyuma vya juu vinaanza kutu. Halafu sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari. Ndege iliyoishi Dar, Mombasa au Zanzibar bila hanga ifunguliwe, itazamwe ndani ya mabawa na mkiani. Rangi mpya inaficha mengi, kama wajuavyo walionunua magari ya mitumba.

Soma pia saa za injini. Injini ya Lycoming O-320, inayopatikana kwenye Cessna 172 nyingi, mtengenezaji anapendekeza ifumuliwe kila baada ya saa 2,000 au miaka 12. Tuseme kuifumua ni dola 30,000: hiyo ni dola 15 kwa kila saa unayoruka, na unatakiwa uziweke pembeni tangu siku ya kwanza. Ukiona ndege ya bei ya kutupa, angalia kama injini yake haijafika saa 1,900. Mwenye nayo anakuuzia bili yake.

Kagua vitabu vya kumbukumbu tangu ukurasa wa kwanza. Kurasa zikikosekana, bei ishuke au wewe uondoke. Hakikisha maagizo yote ya usalama yametekelezwa, na uulize mamlaka ya usafiri wa anga kama ndege imewekwa rehani. Na mhandisi wa kuikagua umtafute mwenyewe, umlipe mwenyewe. Usikubali kamwe yule anayeletwa na muuzaji, hata kama ni mcheshi.

Lipo jambo jingine ambalo matangazo ya Marekani hayatakuambia: mahali utakaporukia. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 25, injini na mabawa vinaona hewa nyepesi kama ya futi 8,000, na injini isiyo na turbo inabaki na takriban robo tatu tu ya nguvu zake. Nguvu za farasi 110 za Cessna 152 zinageuka kuwa kama 80. Ndege ileile inayopanda vizuri Dar itakuonyesha paa za watu kwa karibu sana Nairobi.

Ongeza uzito. Cessna 152 inaruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 757 kwa jumla, na yenyewe tupu, pamoja na redio zake, inakaribia kilo 520. Jaza mafuta, ambayo ni kama kilo 70, na umebaki na watu wawili wa kilo 80 kila mmoja na mkoba wa karatasi. Kama wewe na mkufunzi wako mnapenda nyama choma, kwa nyanda za juu nenda moja kwa moja kwenye 172. Hapo sitanii: watu wamekufa kwa kuipuuza hesabu hii.

Usisahau mafuta. Injini hizi zinakunywa petroli maalumu ya ndege, si Jet A-1 ya ndege kubwa ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Petroli hiyo haipatikani kila kiwanja. Kama haipo utakapoiegesha, ndege yako ni sanamu.

Na kuna wale wanaosema, "Itajilipa yenyewe, nitapeleka watalii Zanzibar." Haiwezekani, ndugu yangu. Leseni ya rubani binafsi haikuruhusu kulipwa kwa kubeba abiria, na hata mwenye leseni ya biashara anahitaji kampuni yenye cheti cha uendeshaji. Anayekukopesha pesa kwa ahadi hiyo, mwambie ukweli mapema, hasa kama ni mama yako ameuza kiwanja.

Ndiyo maana nasema nunueni wanne. Maegesho, bima na ukaguzi wa kila mwaka vinadaiwa hata ndege isiporuka. Mkiwa wanne kila mmoja anabeba robo, na ndege inaruka mara kwa mara, jambo ambalo injini inalipenda. Lakini muandikishane kwa wakili: nani anaruka lini, mfuko wa injini unachangiwaje, anayetaka kutoka anauza kwa nani, na ajali ikitokea nani analipa kile bima isicholipa. Urafiki ni mzuri sana mpaka bili ya injini ifike.

Miaka mingi tumezoea kuinua vichwa na kutazama ndege za wengine. Zetu zianze hata kwa Cessna iliyopauka rangi, mradi ipande, ishuke, na vitabu vyake visome vizuri. Wenzangu mliokwisha kununua, mnasemaje? Nawasilisha.