Nyumba ndogo, mtaji mkubwa

Msimu wa mavuno ukishapita, wenye maduka ya saruji, nondo na mabati hufurahi. Mfanyabiashara wa nafaka aliyeuza vizuri hana subira. Fedha zikiingia mkononi anaita fundi, wanachora vyumba vitano, sebule mbili na kibaraza cha nguzo. Miezi michache baadaye kuta zimefika kwenye linta, fedha zimekwisha, naye anahangaika kutafuta mkopo wa kununulia mzigo. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo au ya Morogoro utayaona magofu hayo mapya: nondo zimeshika kutu na majani yameota sebuleni.

Kwa maoni yangu, mfanyabiashara mwenye mtaji wa kati angeanza na nyumba ndogo. (Wanaocheka wacheke. Sizungumzii ile ya mitaani, ambayo nayo imemaliza mitaji ya wengi. Nazungumzia ya matofali.)

Tufanye hesabu. Tuseme mtu ananunua maharage mikoani na kuyauza Tandale. Ana sh. milioni 30, na kila mzunguko unamwachia sh. 8 kwa kila sh. 100 baada ya usafiri na ushuru. Akizunguka mara sita kwa mwaka, bila hata kurudisha faida kwenye mtaji, anapata sh. milioni 14.4. Sasa achukue milioni 24 azifukie kwenye jumba. Milioni sita zilizobaki zitamletea sh. milioni 2.88 kwa mwaka, na jumba bado halina madirisha. Lakini akijenga vyumba viwili kwa milioni 10, mtaji wa milioni 20 utamletea sh. milioni 9.6, na tayari analala kwake.

Hesabu za namna hii si ngeni. Henry David Thoreau wa Concord, Massachusetts, ambaye wapenzi wa nyumba ndogo hawachoki kumtaja, alizipanga katika kitabu chake "Walden" cha mwaka 1854 kama muuza duka. Wengi humsoma kwa falsafa ya kuishi bila makuu. Mimi niliyesomea biashara nilivutiwa zaidi na daftari lake. Nyumba yake ya mwaka 1845 ilikuwa chumba kimoja cha futi 10 kwa 15. Mbao alizipata kwa kununua kibanda cha mtu na kukibomoa. Matofali 1,000 ya zamani yalimgharimu dola 4, madirisha mawili yaliyokwisha kutumika dola 2 na senti 43, misumari dola 3 na senti 90. Hata chaki ya senti moja ameiandika. Jumla ilikuwa dola 28 na senti 12 na nusu, wakati mwanafunzi wa chuo cha Cambridge jirani alilipa dola 30 kwa mwaka kwa kupanga chumba tu. Mpangaji wa Dar es Salaam anayedaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo ataelewa utamu wa hesabu hiyo. Thoreau alilima pia, zaidi maharage, na mwaka wake wa kwanza akapata faida ya dola 8 na senti 71 na nusu.

Ila mkaguzi yeyote wa hesabu angeona safu moja tupu katika daftari hilo. Kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, naye hakukilipia. Alipoondoka mwaka 1847, baada ya miaka miwili na miezi miwili, nyumba ilibaki kwa mwenye ardhi. Baadaye ilihamishwa, ikawa ghala la nafaka, na mwaka 1868 ikabomolewa kwa ajili ya mbao zake.

Wamarekani wa siku hizi wamejikwaa hapo hapo. Mwaka 1999 Jay Shafer, wa jimbo la Iowa, alijenga nyumba isiyofika futi za mraba 100 na kuiweka juu ya tela, na baada ya msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008 wengi wakaipenda njia hiyo. Magurudumu yalikuwa ujanja wa kukwepa sheria za miji zilizoweka ukubwa wa chini wa nyumba. Kanuni za mfano za ujenzi za mwaka 2018 zilikuja kuwa na kiambatisho cha nyumba zisizozidi futi za mraba 400. Lakini nyumba ya magurudumu isiyo na ardhi mara nyingi hushuka bei kama gari, na benki nyingi haziikubali kwa mkopo wa nyumba.

Kwa hiyo anayetaka kuishi kwa udogo asibane kwenye ardhi. Abane kwenye kuta. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kina bei hata kama juu yake pana vyumba viwili tu, na benki itaiulizia hati kabla ya kuhesabu sebule.

Kuna wanaopinga, na wana hoja. Nyumba yetu ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita hailali bure, kwani vyumba vya kupangisha huilipa. Mwenye kiwanja penye wapangaji wengi ajenge hiyo, maana hiyo ni biashara. Wengine wanasema wauzaji wa jumla humwamini zaidi mwenye jumba anapoomba mzigo kwa mkopo. Ni kweli, lakini uaminifu huo unakwisha siku anaposhindwa kulipa kwa sababu fedha ziko ukutani. Na tusiwasifie "maisha rahisi" wale wanaolala watu saba chumba kimoja Manzese au Tandale. Wao hawakuchagua, na hawana mtaji wanaouzungusha.

Tena wengi wetu tayari tunaijua njia hii. Tunajenga banda la uani kwanza, tunahamia "kwa muda", kisha tunaanza kukamuliwa na nyumba kubwa ya mbele. Ningependa kumwona mfanyabiashara akiliezeka banda hilo vizuri, akaweka choo cha ndani na jiko, akaacha mbele wazi. Sehemu ya faida ya mizunguko aiweke kwenye hati fungani za serikali, zinazonunuliwa kuanzia sh. milioni moja, au kwenye vipande vya Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005. Riba na faida hizo ndizo zije kununua tofali za nyumba ya mbele, na mzigo wa maharage uendelee na safari zake. Wageni kutoka kijijini watakuja vile vile, vyumba viwe viwili au kumi.