Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Isiolo: Ng'ombe wa Mawe

Mheshimiwa,

Naomba wasaa wako mchache kwa ajili ya raia wasiopiga kura wala kuhudhuria baraza, ambao mkubwa wao hajatimiza miaka sita.

Msafiri hucheka alisikiapo jina la kwetu, Kulamawe, ila hakuna ayajuaye mawe kama watoto wetu: kijiwe ni ng'ombe, kikubwa ni ngamia, navyo huchungwa na kunyweshwa katika kisima kilichochimbwa kwa kidole. Katika ukame ulioanza mwaka 2020, ambapo mvua ilituhini misimu mitano mfululizo, na ambao Serikali iliutangaza Septemba 2021 kuwa janga la taifa, nilimwona mtoto akivilaza vijiwe vyake kimoja kimoja, kisha akaketi kando akivitazama, asilie wala asinene. Mamake akaniambia kwa fahari kwamba huyu ni mtulivu, hasumbui mtu. Utulivu ule, Mheshimiwa, uliniogofya kuliko kilio.

Maana fadhaa ya mtoto mdogo haina maneno: aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, msemaji huwa bubu, na mwingine hauachii upindo wa leso ya mamake hata usingizini, nasi wazazi, tuliolemewa na mizoga kisha na mafuriko ya mwisho wa 2023, aghalabu tuliyadhania hayo kuwa ni utundu, tukachapa. Na fadhaa hiyo haiishi na utoto: wazee waliokuwa watoto zama za vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, ambazo Waborana huziita Gaf Daba, hadi leo hushusha sauti wazitajapo.

Maadamu Katiba ya 2010 imeiweka chekechea katika dhamana ya kaunti, siombi matabibu wa nafsi kutoka Nairobi, ambao sijui wangelala wapi. Naomba kwamba ukame ubishapo hodi, chekechea iwe ya mwisho kufungwa. Uji uchemke saa ile ile, na mwalimu awe yule yule, asihamishwe katikati ya dhiki, kwa kuwa mtoto ambaye babake ameondoka na ngamia asijue atarudi lini, hutulizwa moyo na jambo dogo analoweza kulitazamia kila asubuhi. Nyanya zetu waalikwe wawasimulie watoto hadithi kwa Kiborana, lugha wanayoota nayo. Walimu nao wafunzwe kumwacha mtoto acheze kile anachokiogopa, na kuketi naye mchangani, wala wasimpokonye mawe yake ati ni uchafu. Na familia zihamapo kabisa kufuata malisho, mwalimu na sufuria wazifuate.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai mosi. Nakusihi, utakapoketi na makadirio yako, kifungu cha uji kisiwe cha kwanza kukatwa.

Wako mtiifu,
Mzazi, Kulamawe