Januari 2028 yaja, walimu wako wapi?

Januari 2028 watoto wa mikupuo miwili watabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Hesabu hiyo imo ndani ya mtaala wenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo kaka na dada zao wa mtaala wa zamani watakuwa wanamaliza la saba.

Madarasa yatapatikana. Mwaka 2021, kwa mkopo wa IMF wa Sh trilioni 1.3, Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000, 12,000 kati yake ya sekondari, na wakuu wa wilaya wakawa hawabanduki kwenye maeneo ya ujenzi. Kazi ile inastahili sifa. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Shahada ya ualimu ni miaka mitatu chuoni, kisha kuna kuajiriwa, kupangiwa kituo na kuzoea darasa.

Historia imekwisha kuionya nchi hii. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, mpango uliojulikana kama UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Watoto walikuja, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa harakaharaka ili wakafundishe. Wengi wao walijituma kweli. Hata hivyo jina la “mwalimu wa UPE” liliwaandama hadi uzeeni, ingawa kosa lilikuwa la waliopanga, wakahesabu watoto kwanza na walimu baadaye.

Mwaka 2016 hali ilikaribia kujirudia. Ada na michango ya lazima ilifutwa, darasa la kwanza likafurika, na katikati ya mwaka ajira mpya serikalini zikasimamishwa. Aprili 2017 uhakiki ukabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, walimu wakiwemo. Kuwaondoa ilikuwa haki. Kuchelewa kujaza nafasi zao ndiko kulikowaumiza watoto.

Kiwango kinachokubalika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa likifika 120, kipindi cha dakika 40 kinampa kila mtoto sekunde 20, na hapo mwalimu hajafuta ubao wala kuita majina. Madaftari husahihishwa kwa kupigwa vyema bila kusomwa. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kukaa nyuma mwaka mzima bila kugundulika.

Wastani wa taifa hauonyeshi hayo. Shule iliyo kandokando ya lami ina walimu wa Kiswahili na historia wa kutosha. Ya kijijini haina wa hisabati hata mmoja, na wazazi wanachangishana kumlipa kijana anayejitolea. Anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu huanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua begi. Kumlaumu ni rahisi. Kumjengea nyumba ndiyo kazi.

Na walimu wenyewe wapo. Maelfu ya wahitimu wako mitaani, wengine wakiendesha bodaboda, na mwanzoni mwa 2025 baadhi yao walijitokeza kupitia umoja wao, NETO, kudai ajira.

Kwa hiyo bajeti ya 2026/27 na ya 2027/28 zinapaswa kuwa bajeti za walimu: ajira za sekondari zitangulie wanafunzi, na kila mradi wa madarasa vijijini uambatane na nyumba za walimu. TAMISEMI, inayosimamia shule za msingi na sekondari, nayo itangaze ikama ya kila shule, somo kwa somo, na kuibandika kwenye ofisi ya kata. Mzazi aone idadi ya walimu wanaohitajika, waliopo, na tarehe ambayo pengo litazibwa. Tarehe hiyo ikipita kimya, diwani na mbunge waulizwe hadharani.