MCHE WA ZAWADI WENYE MDUDU NDANI



Ndugu zangu, hasa ninyi mlioko Oman na nchi za Ghuba mnaomiliki mashamba ya mitende, hata kama ni mitende mitano nyuma ya nyumba. Leo nazungumzia fukusi mwekundu, yule ambaye Waarabu wanamwita susa.

Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki. Aliingia Ghuba katikati ya miaka ya 1980, na Oman alionekana mwaka 1993. Anaruka, ndiyo, lakini nchi kwa nchi hakufika kwa mbawa zake. Alibebwa na watu, ndani ya miche.

Jike hutaga mayai kwenye majeraha ya mti na sehemu laini. Funza akitoka anatafuna kwenda ndani, na wewe kwa nje unaona mtende wa kijani, mzuri, mashaallah. Ukija kuona makuti ya katikati yamelala, mara nyingi umechelewa. Dalili za mapema ni ndogo: utomvu wa kahawia unaotoka shinani, harufu ya kuchacha, nyuzi zilizotafunwa kama maganda ya muwa. Kagua chini, pale miche inapoota, maana hapo ndipo anapopenda kuanzia. Ukipogoa, usiache kidonda wazi. Harufu yake inamwita.

Mitego ya ndoo yenye harufu ya kumvutia, tende na maji inasaidia, ila mtego uliosahauliwa ni balaa: unawaita fukusi shambani kisha unawaachia miti.

Sasa niseme linaloniuma. Mtu anajua shamba lake limeingiwa. Anachimba miche usiku, anaiuza, au anampa shemeji yake kama zawadi, ili apate chochote kabla hasara haijammaliza. Akiulizwa anasema ni kadari ya Allah. Subhanallah! Kuuza kitu chenye aibu huku umeificha ni udanganyifu, tunalijua hilo kwenye nguo na mbuzi, kwa nini tulisahau kwenye mtende? Mtume ﷺ alitukataza kutoka kwenye mji wenye tauni na kuuingia. Kwa kukisia tu, na wanazuoni wanisahihishe, mche wa shamba lenye susa naona una hukumu inayofanana na hiyo.

Najua mtende mmoja ni miaka ya jasho, na pengine aliupanda babu. Lakini ukiwahi, mti unaweza kutibiwa kwa kutoa funza na kudunga dawa. Ukioza ndani, ukatwe na usagwe. Usiuache umelala pembeni, watatoka humo humo.

Kwa hiyo waite watu wa kilimo kabla jirani hajakushitaki. Na uliyekwisha kutoa miche mwaka huu kutoka shamba lenye dalili, mpigie simu uliyempa, leo, umwambie akague kabla ya Ijumaa.