Mvua na Sanduku la Umeme

Nyumba mpya za Kabalagala, chini ya kilima cha Muyenga, aghalabu huwa na sanduku la umeme kwenye ukuta wa nje. Mwenye nyumba huliona limepakwa rangi na kutiwa kufuli, akaridhika. Lakini mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huja na upepo. Hupiga ukuta kwa ubavu, na upenu mfupi haufui dafu mbele yake.

Maji mengi hayapiti mlangoni kama inavyodhaniwa. Hupita juu. Fundi mwenye haraka hutoboa paa la sanduku, akapitisha bomba la waya, na tundu likabaki pana kuliko bomba. Basi kila tone hufuata waya hadi kwenye swichi kuu. Yafaa nyaya ziingie kwa chini, kila waya ndani ya kibano chenye mpira. Tena waya ushushwe kwanza chini ya tundu kisha upandishwe, ili maji yadondokee kwenye pindo hilo. Alama ya IP65 juu ya sanduku maana yake vumbi haliingii, wala maji yanayorushwa kwa bomba hayapenyi. Sifa hiyo hupotea siku ile ile linapotobolewa tundu lisilozibwa.

Ukuta mpya nao una ila yake: plasta ikikauka huachana na sanduku. Ufa huo uzibwe kwa silikoni juu na kandoni, chini uachwe wazi. Hapo ndipo wengi hubisha. Hewa yenye unyevu iliyonaswa ndani hupoa usiku ikageuka matone, kama yale ya kifuniko cha sufuria, nayo yasipopata pa kutokea hulala juu ya vyuma na kuleta kutu. Kwa hiyo yafaa pawepo kitundu kidogo chini kabisa, kilichotegewa wavu mwembamba, maana sisimizi na mijusi hawangoji kukaribishwa.

Kutu hulegeza viungo vya nyaya, navyo huunguza. Na sanduku la chuma lisilo na waya wa ardhini laweza kumpiga mtoto anayeligusa akiwa peku matopeni. Volti 240 hazina mzaha. Fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30, si anasa.

Mita na lakiri yake haviguswi na fundi wa mtaani. Hivyo ni vya msambazaji, kazi ambayo UEDCL, kampuni ya serikali, iliipokea kutoka Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Nyaya za nyumba ziachiwe fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Huyo aitwe tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, azime umeme, afungue sanduku, apitishe kitambaa kikavu katika pembe zote. Kikitoka na unyevu, atafute ulikopitia kabla ya kuwasha.