Nani Kasema Supa Modo si ya Watoto?

Wazazi wenzangu hapa Bumbuli waliposikia kwamba nataka watoto wa darasa la nne hadi la saba waoneshwe Supa Modo, walinijia juu. Nawajibu kwa maandishi kwa sababu wote wanawapenda watoto wao, na kwa sababu mengi waliyoyasema naona hayana msingi.

Kwa asiyeiona, hii ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina, urefu wake dakika 74. Jo ni binti wa miaka 9 mwenye maradhi yasiyopona. Anapenda sinema za Jackie Chan na za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, ambaye kazi yake ni ukunga, anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Mama anataka mtoto alale apumzike. Mwix, dada yake, anataka acheze. Basi Mwix anamwaminisha kwamba ana nguvu kama za hao mashujaa, na taratibu kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo, hadi wanaamua kutengeneza filamu yao wenyewe, shujaa akiwa Jo. Jo anakufa.

Ugomvi wote uko kwenye maneno hayo mawili ya mwisho. Niliambiwa, "Mtoto hatakiwi kuona mtoto mwenzake akifa." Lakini watoto haohao wameangalia The Lion King, ya mwaka 1994, ambamo Mufasa anakanyagwa na kundi la nyumbu na mwanawe anabaki akiusukuma mwili wa baba yake auamshe. Sijasikia mzazi aliyeizima TV. Supa Modo haina damu na haimfuati mtoto kwenye maumivu yake. Kinachoumiza ndani yake ni kumwona mama anayejua kuzalisha watoto wa wenzake na hana la kumfanyia wa kwake. Hilo linamliza mtu mzima kuliko mtoto. Nadhani baadhi yetu tunaposema watoto hawataiweza, tunajisemea sisi.

Tena tuulizane: mtoto gani wa milima hii ya Usambaa hajafika msibani? Kwenye matanga watoto ndio wanaotumwa maji, kuni na viti vya jirani. Wanaona kila kitu. Kisha wakiuliza marehemu yuko wapi, tunawaambia amesafiri, na mazungumzo yameisha. Mtoto wa namna hiyo kifo anakijua. Amekosa mtu mzima wa kukaa naye akakizungumza, na filamu hii inampa nafasi ya kuuliza.

Hoja iliyonishangaza zaidi ni kwamba hadithi nzito za namna hii ni za wageni, kwamba wazee wetu waliwasimulia watoto mambo ya sungura na fisi tu. Yaani hapa, Usambaa, mtu anasema hivyo! Hadithi ya Mbegha je? Soma Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962, au muulize bibi yeyote. Mbegha alizaliwa kigego, akaota meno ya juu kwanza, na kwa mila za kwao Nguu mtoto wa hivyo hakutakiwa kuachwa hai. Wazazi wake wakamficha. Alipokua, ndugu zake wakamnyima urithi wakisema yeye ndiye anayemaliza ukoo. Akakimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala, wakaenda kuwinda nguruwe, na yule kijana akauawa na nguruwe. Mbegha akaingia porini na mbwa wake kabla ya habari kufika nyumbani. Baadaye Wasambaa wakampokea kwa ajili ya nyama na mkuki wake. Watu wa Bumbuli wakamwoza binti yao, na mtoto wa binti huyo, Bughe, ndiye aliyerithi enzi yake huko Vugha.

Hiyo ndiyo hadithi ya asili yetu: mtoto aliyehukumiwa kufa kwa sababu ya meno, rafiki aliyekufa porini, kijana asiye na kwao. Wazee waliisimulia usiku, watoto wamekaa karibu na moto, na hakuna aliyewatoa nje walipofika kwenye kifo cha mtoto wa mtawala. Msimulizi alikuwepo, akaulizwa, akajibu.

Wengine wanasema tuiachie serikali, kuna Bodi ya Filamu na kuna Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, filamu zinakaguliwa na kupewa madaraja ya umri. Kweli, na kazi hiyo inahitajika. Ila nenda kwenye kibanda umiza chochote siku ya soko. Pazia jeusi mlangoni, mabenchi ya mbao, spika inayonguruma hadi barabarani, na kwenye benchi la mbele, miguu haigusi chini, wamekaa watoto waliotumwa chumvi. Filamu ya kivita imetafsiriwa kwa mbwembwe na watu wanachinjwa mfululizo huku mtafsiri akichekesha. Daraja limeandikwa kwenye kasha la filamu, lakini mwenye kibanda anaangalia kiingilio. Mzazi anayeruhusu hayo halafu anakataa Supa Modo amepima vibaya. Mauaji ishirini yasiyoliliwa na mtu yanamfundisha mtoto ubaya kuliko kifo kimoja kinacholiliwa na kijiji kizima.

"Wataiga." Wataiga nini? Kumchezesha mgonjwa?

Ipo hoja moja ninayoikubali kwa sehemu. Mama mmoja aliniuliza kama si vibaya kuwaonesha watoto kijiji kizima kikimdanganya mtoto. Swali zito. Wachezaji uwanjani wanaganda ili Jo aamini amewagandisha yeye, na watazamaji wadogo watacheka sana. Lakini filamu yenyewe inalibeba swali hilo: mama yake Jo anaupinga mchezo huo kwa hasira, na hasira yake ina haki. Watoto wanaweza kulijadili hilo. Mwaka 2018 huko Berlin, kwenye kitengo cha Generation Kplus, jopo la watoto wa miaka 11 hadi 14 liliitaja filamu hii kwa heshima maalumu. Wa kwetu hawapungukiwi akili.

Nisiwaache pia wanaoniunga mkono kwa sababu mbovu, wanaosema mhusika akiwa mdogo basi filamu ni ya wadogo. Sivyo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, inatokana na riwaya ya Adam Shafi iliyosomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Mhusika wake mkuu, Yasmin, ni binti mdogo aliyeozwa mzee. Naipenda filamu hiyo, na siwezi kuiweka mbele ya darasa la nne, kwa sababu ya mapenzi yanayooneshwa na mateso ya kisiasa.

Kwa Supa Modo naanzia miaka 9, mchana, darasani, mwalimu akiwepo na muda wa maswali baada yake. Mtoto aliyefiwa karibuni, mzazi wake ndiye aamue. Na mzazi mwenye shaka aje aiangalie kwanza yeye mwenyewe kabla ya kumruhusu mwanawe. Ni saa moja na robo.